Manga tanzu inawezaje kumzidi mama yake kwa wahusika? Jibu kwa msomaji wa Tanga

Kijana mmoja wa Tanga, anayechora hadithi za picha pamoja na rafiki yake, ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nimesoma My Hero Academia yote, ile manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya shule ya mashujaa wenye vipawa, halafu nikaisoma Vigilantes, ile manga ya pembeni inayotokea miaka michache kabla. Nimejikuta nampenda Aizawa, yule mwalimu mkali, wa Vigilantes kuliko Aizawa wa manga yenyewe. Rafiki yangu ananicheka. Anasema mhusika anamjua aliyemuumba, wengine wote wanabahatisha tu. Je, ana haki? Nauliza pia kwa sababu yeye ana hadithi yake ya sokoni, na mimi nataka kuchora tanzu ya mhusika wake mmoja, mgambo anayepuliza filimbi kabla ya kumwaga bidhaa za watu. Ameniruhusu, ila ninaogopa kumharibia. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenikalia kichwani wiki nzima, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu limegusa jambo ambalo nalipenda sana na ambalo wachoraji wetu wengi wanalipita bila kuligeukia.

Kwanza nikutoe wasiwasi: hujakosea. Wapo wahusika waliozaliwa katika manga mama wakiwa nusu mtu, kisha tanzu ikawakamilisha. Rafiki yako naye hajakosea kabisa. Aliyemuumba mhusika anamjua kweli. Tatizo ni kwamba mara nyingi hana nafasi ya kukuonyesha anachokijua. Manga ya kila wiki katika majarida ya Japani hutoa kurasa kama ishirini kwa sura, na ndani ya kurasa hizo shujaa lazima asogee mbele, la sivyo wasomaji wanaojaza kadi za kura watamshusha na jarida litaikata hadithi. Katika hali hiyo mhusika wa pembeni huajiriwa kama kibarua. Anaingia, anafanya kazi aliyoitiwa, kumzuia shujaa au kumfundisha au kumtia hasira, kisha anatoka. Hakuna anayemuuliza alikolala jana. Tanzu huja wakati kibarua huyo ameshamaliza kazi yake na kulipwa, ikakaa naye chini na kumuuliza.

Mfano ninaoutumia kila mara ninapofundisha ni wa zamani kidogo kuliko ulioutaja wewe, lakini unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mwingine wowote ninaoujua. Ni Saint Seiya ya Masami Kurumada, iliyotoka katika Weekly Shonen Jump kwenye nusu ya pili ya miaka ya 1980 na kujaza juzuu 28. Wasomaji wetu wa Lubumbashi na Goma huenda wanaijua zaidi kwa jina la Kifaransa, Les Chevaliers du Zodiaque, kwa sababu anime yake, yaani katuni, ilitikisa televisheni ya Ufaransa tangu 1988. Sehemu yake maarufu kuliko zote ni ile ya nyumba kumi na mbili. Saori, ambaye ndani yake amezaliwa upya Athena, mungu wa kike wa Ugiriki ya kale, amelala chini na mshale wa dhahabu kifuani. Vijana watano wana saa 12 za kupanda mlima wenye mahekalu kumi na mawili, na kila hekalu linalindwa na Mtakatifu mmoja wa Dhahabu, mpiganaji mwenye deraya ya nyota yake. Sisi tuliokua tukifungua gazeti kwanza kwenye ukurasa wa nyota tunazijua hizo kwa majina yetu: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu.

Ni wazo tamu sana, kwa sababu kila msomaji ana nyota, na kila msomaji anaisubiri nyumba yake. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa Julai, nyota yake Saratani, yaani Kaa. Anasubiri nyumba ya nne kwa hamu. Anafika, anamkuta Deathmask, mtu aliyepamba kuta za hekalu lake kwa nyuso za watu aliowaua, watoto wakiwemo, na anayejivunia. Katikati ya pambano deraya yake mwenyewe inamkataa, inamvuka kipande kwa kipande, na anatupwa shimoni. Na yule wa Hutu, Samaki, nyumba ya mwisho kabisa ambayo ungetarajia iwe kilele? Anamkuta Aphrodite, mzuri wa sura mwenye mawaridi yenye sumu, ambaye hoja yake kubwa ni kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Baadaye wawili hawa wanafufuliwa na kupigwa tena, safari hii haraka zaidi.

Simlaumu Kurumada. Alikuwa na nyumba kumi na mbili za kuvuka, na si kila nyumba inaweza kuwa na kina cha ile ya Saga au ya Camus, Watakatifu wengine wa Dhahabu. Mlango mmoja uwe wa mkatili, mwingine uwe wa mrembo, twende mbele. Lakini vitu viwili vilibaki pale mezani bila mtu kuviuliza. Mtu ambaye kazi yake ni kupeleka roho kuzimu, anaishije na wafu kila siku? Na mtu ambaye silaha yake ni sumu, nani anaweza kumkaribia?

Mwaka 2006 Shiori Teshirogi alianza kuchora The Lost Canvas katika jarida la Weekly Shonen Champion. Akaimaliza 2011 ikiwa na juzuu 25. Inatokea karne ya kumi na nane, katika vita vitakatifu vya kabla ya vile vya Seiya, shujaa wa manga mama, kati ya Athena na Hades mungu wa kuzimu. Watakatifu wa Dhahabu ni wengine kabisa. Deraya ni zilezile, mahekalu ni yaleyale, mbinu zinafanana, ila ndani ya deraya kuna mtu mpya. Viti ni vilevile, waketio wamebadilika.

Mtazame aliyekalia kiti cha Samaki. Anaitwa Albafica. Ni mzuri kama Aphrodite, na ana mawaridi yaleyale. Ila Teshirogi amekwenda hatua moja nyuma akauliza: ili mtu aishi katikati ya mawaridi ya sumu bila kufa, mwili wake umekuwaje? Jibu ni kwamba damu yake yenyewe imegeuka sumu. Aliipata kwa bwana wake aliyemlea, Lugonis, kwa desturi ya kubadilishana damu iliyorudiwa miaka na miaka mpaka mmoja wao akafa, na aliyekufa ni mlezi. Kwa hiyo Albafica hamgusi mtu. Akimwona mtu anakaribia, anarudi nyuma. Ukimsifia uzuri wake anachukia, kwa sababu uzuri huo huwavuta watu wasogee, na kusogea kwao ndiko anakokuogopa kuliko kitu chochote.

Umeona kilichotokea? Hakuna sifa mpya iliyoongezwa. Uzuri ulikuwepo tangu manga mama, mawaridi na sumu pia. Kilichoongezwa ni gharama. Aphrodite alikuwa na sumu bure, kama mtu aliyeokota upanga njiani. Albafica anailipia sumu yake kila siku, na anailipa kwa upweke.

Sasa nenda kwenye pambano lake na Minos, mmoja wa majaji watatu wa Hades, anayewachezesha watu kwa nyuzi kama vibaraka. Minos anamvunja mifupa, anamwacha amelala, kisha anaelekea kijiji cha Rodorio kilicho karibu na Patakatifu pa Athena. Humo wamo watu wa kawaida, akiwemo msichana anayeitwa Agasha, wale ambao Albafica amekuwa akikaa nao mbali kwa ajili ya usalama wao. Anainuka. Mikono haifanyi kazi tena. Waridi analo mdomoni. Ninapofundisha huwa naufungua ukurasa huo na kuwaacha wanafunzi wautazame kimya kwa muda kabla sijasema neno. Mtu aliyekataa kuguswa maisha yake yote anakufa kwa kuwasogelea watu ili awakinge, na silaha inayomwua Minos ni damu ileile iliyomtenga nao. Teshirogi hakuhitaji kiputo kirefu cha maneno kueleza hayo, mchoro unatosha.

Kisha Saratani. Aliyekalia kiti anaitwa Manigold, mhuni wa mdomo, mcheshi, asiye na adabu hata mbele ya mkuu wake. Uwezo wake ni uleule wa Deathmask, kuzitoa roho na kuzipeleka kwenye mlango wa kuzimu. Lakini tunamwona akiwa mtoto, peke yake katika kijiji kilichoteketea, roho za waliokufa zikielea pembeni yake kama vimulimuli. Mtoto huyo amefikia uamuzi kwamba uhai ni takataka tu, maana ameuona ukizimika mwingi mno. Anayemkuta pale ni Sage, mzee aliyekuwa Mtakatifu wa Saratani kabla yake, ambaye anamchukua na kumfundisha kinyume chake. Miaka baadaye anayesimama mbele ya Manigold ni Thanatos, kifo chenyewe, mungu anayewahesabu binadamu kuwa si kitu. Yaani Manigold anapigana na maneno yake mwenyewe ya utotoni. Anamng'ang'ania yule mungu mpaka uhai wake mwenyewe unakwisha, na bwana wake anapata nafasi ya kumfungia.

Deathmask aliishi na wafu akawageuza mapambo ya ukuta. Manigold aliishi nao akajua bei ya walio hai. Kipawa ni kimoja, nyota ni moja. Mtoto wa Julai aliyesubiri miaka ishirini hatimaye ana nyumba yake.

Hapa nikueleze jambo ambalo hata wasomaji wa siku nyingi hulipita. Manga mama ilikuwa imeshasema kwamba katika vita vile vya zamani, Watakatifu wa Dhahabu walionusurika ni wawili tu, Shion na Dohko. Kwa hiyo unapofungua juzuu ya kwanza ya The Lost Canvas unajua kwamba kumi watakufa. Mtu angedhani huo ni mzigo kwa mwandishi, kwamba mashaka yameondolewa. Mimi naamini ndiyo zawadi kubwa aliyopewa. Manga ya mapigano inaishi kwa swali moja: atashinda au atashindwa? Swali hilo likishajibiwa tangu mwanzo, linaacha nafasi kwa swali zuri zaidi: huyu mtu anakufa kwa ajili ya nani? Ndiyo maana kila Mtakatifu ana mtu wake. Yule wa Thauri, ambaye mwenzake wa kiti hicho katika manga mama aliuawa mapema bila heshima ya kutosha, hapa analea mayatima na kuwafundisha, na mmoja wao, Teneo, ndiye anayekuja kurithi deraya. Baada ya hadithi kuu Teshirogi akaongeza juzuu nyingine 16 za visa vya pembeni vya hao Watakatifu, na mashabiki wakazifuata. Hakuna anayefuata juzuu 16 za walinda milango.

Rafiki yako akikuambia bado kwamba aliyeumba ndiye anayejua, mweleze kisa hiki. Mwaka uleule wa 2006, katika jarida lilelile, Kurumada mwenyewe alianza kuchora Next Dimension, nayo ikarudi kwenye vita vilevile vya karne ya kumi na nane. Ni nadra sana kupata jaribio kama hilo, muumbaji na mgeni wakijibu swali moja kwa wakati mmoja. Wa Saratani wa Kurumada anaitwa Deathtoll na wa Samaki anaitwa Cardinale, na mtu akisikia majina tu anajua mwandishi anaangalia upande gani. Wana vituko vyao, wengine wanawapenda, lakini kwa macho yangu wanatembea ndani ya kivuli cha Deathmask na Aphrodite. Kurumada anawakumbuka alivyowachora. Teshirogi aliwasoma. Msomaji huwa na maswali ambayo mwandishi hana, kwa sababu mwandishi alikuwa na haraka ya kufika sura inayofuata na msomaji alibaki nyuma akijiuliza.

Sitaki uondoke ukidhani tanzu hiyo haina kasoro. Shujaa wake Tenma, kwa maoni yangu, ni Seiya mwenye jina jingine, na kuna juzuu nzima ambazo unatamani mchoraji amsahau kidogo abaki na wakubwa zake. Sasha, Athena wa zama zile, ameboreshwa: Alone, kijana mchoraji ambaye mwili wake umekuwa chombo cha Hades, ni kaka yake wa damu, kwa hiyo vita vyake vina uchungu ambao Saori hakupewa. Ila hata yeye hafiki alikofika Albafica. Sababu naiona hivi: shujaa wa tanzu bado ana zamu ya kuisukuma hadithi. Wa pembeni wamepumzishwa.

Turudi sasa kwa Aizawa wako, maana kwake mambo ni tofauti. Albafica ni mtu mpya kwenye kiti cha zamani. Aizawa ni mtu yuleyule, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu huwezi kumbadilisha. Lazima kila unachomwongezea kikubaliane na kilichokwisha kuchapishwa.

Vigilantes iliandikwa na Hideyuki Furuhashi na kuchorwa na Betten Court, 2016 hadi 2022, juzuu 15, sehemu kubwa katika jukwaa la mtandaoni la Shonen Jump+. Shujaa wake ni Koichi, mwanafunzi wa chuo ambaye kipawa chake ni kuteleza juu ya sakafu na kuta kwa mwendo wa baiskeli mradi sehemu tatu za mwili wake zinagusa. Furuhashi alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya hapo, na inaonekana. Hana pupa.

Kumbuka tulivyompokea Aizawa katika manga ya Kohei Horikoshi. Siku ya kwanza ya shule yuko ndani ya begi la kulalia la manjano. Anawaambia wanafunzi kwamba atakayeshika mkia kwenye majaribio atafukuzwa, na tunasikia kwamba mwaka uliotangulia alifukuza darasa zima. Macho makavu, nywele timtim, miwani mikubwa ya kuficha anakotazama. Ni mhusika wa kuvutia, hilo halina ubishi. Lakini ukali wake pale ni mtindo. Unaukubali kama unavyokubali rangi ya begi lake.

Vigilantes inatupeleka alipokuwa mwanafunzi. Sijui kama umekikumbuka kisa cha paka, maana ni kidogo na kinapita upesi. Ni siku ya mvua. Aizawa anamkuta paka mchanga njiani, amelowa. Hajui la kufanya. Anamwachia mwavuli wake, anaondoka akilowa yeye. Rafiki yake Oboro Shirakumo, kijana wa mawingu, mwenye kelele na moyo mweupe, anampita paka yuleyule na anambeba mpaka shuleni bila kuuliza. Aizawa anaona aibu. Yeye alifikiria kama ana uwezo wa kumtunza, kama itafaa, kama sheria inaruhusu, na mwisho akafanya nusu. Mwenzake alinyoosha mkono.

Ukikisoma kisa hicho unamwelewa Aizawa mzima kwa kurasa chache. Kumbe ni mtu aliyekuwa na huruma tangu zamani, ila huruma yake ilikuwa na kigugumizi. Kisha inakuja siku ya jitu Garvey. Wako kwenye mafunzo ya kazi mjini, jengo linaporomoka, Shirakumo anawakinga watoto wadogo na kifusi kinamwangukia. Aizawa anabaki peke yake mbele ya jitu lile, na kupitia kipaza sauti cha rafiki yake anaisikia sauti ikimtia moyo. Anapigana kwa nguvu ya sauti hiyo mpaka mwisho. Baada ya vumbi kutulia anaambiwa kipaza sauti kilikuwa kimeharibika, na Shirakumo alikuwa ameshafariki.

Sasa rudi kwenye siku ile ya kwanza ya shule. Mwalimu anayetishia kumfukuza kila asiyefaa si mtu wa mtindo tena. Ni mtu aliyemzika kijana mwenye kipawa na moyo kuliko yeye, na anajua kwamba moyo peke yake haukuzuia kifusi. Kila mwanafunzi anayemfukuza ni mwanafunzi ambaye hatamzika. Horikoshi alichora ukali, Furuhashi akaonyesha bei iliyolipwa. Na hakuna mstari hata mmoja wa manga mama uliofutwa.

Tena ikatokea baraka ambayo tanzu chache huipata. Manga mama ikakirudia kisa hicho, ikatuambia kwamba Kurogiri, yule mtu wa ukungu tuliyemwona upande wa maadui tangu mwanzo, ameundwa kutokana na maiti ya Shirakumo. Aizawa na Yamada, rafiki yao wa tangu shule, wanakaa mbele yake gerezani wakijaribu kumwita rafiki yao atoke. Kwa aliyesoma manga mama tu, ni tukio la kushtua. Kwa aliyemwona paka, ni tukio la kulia. Nina hakika ndiyo maana unampenda Aizawa wa "huku" kuliko wa "kule". Wamekuwa mtu mmoja, ila wewe umefahamishwa naye vizuri.

Nitaje kwa ufupi mfano wa tatu ili usidhani gharama lazima iwe msiba. Tonegawa ni adui wa kutisha katika Kaiji, manga ya kamari ya Nobuyuki Fukumoto, bwana wa hotuba kali mbele ya watu waliozama kwenye madeni. Mwisho wake unajulikana na kila shabiki: bosi wake mzee Hyodo anamlazimisha kuomba radhi akiwa amepiga magoti juu ya bamba la chuma la moto. Tanzu yake, iliyoandikwa na Tensei Hagiwara kuanzia 2015, ni ya kuchekesha. Inamwonyesha akiwa meneja wa kati, akiitisha vikao na wasaidizi wenye suti nyeusi na miwani myeusi ambao hawezi kuwatofautisha majina, huku akihofia bosi ataamkaje leo. Tunacheka, na bamba lile liko nyuma ya kila kicheko. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na mkubwa wa kazi asiyetabirika anamtambua Tonegawa mara moja. Naye ameonyeshwa bila kusafishwa, bado ni adui.

Hilo la kusafisha ndilo nataka ulishike kuliko yote, kwa sababu ndipo tanzu nyingi zinapoharibika. Mchoraji anampenda mhusika mbaya, anataka nasi tumpende, basi anampa mama aliyekufa, baba mlevi, njaa, machozi, na ukurasa wa mwisho inaonekana ubaya wote ulikuwa bahati mbaya. Huko ni kumwombea radhi mhusika, na msomaji anahisi anadanganywa. Angalia Teshirogi: hakumgusa Deathmask. Zile nyuso ukutani zimebaki ukutani. Angalia Furuhashi: Aizawa bado anafukuza watu. Gharama ya tendo haifuti tendo. Inakufanya umwone aliyelitenda akiwa mtu.

Sasa mgambo wenu. Umeniambia mambo mawili tu juu yake, kwamba ni mgambo wa sokoni na kwamba hupuliza filimbi kabla ya kumwaga bidhaa za watu. Mimi hilo la pili limenisimamisha. Mgambo anayetaka kumwaga bidhaa hana haja ya filimbi. Anakuja kimya, anapiga teke beseni, amemaliza. Huyu wa rafiki yako anapuliza kwanza. Huenda rafiki yako aliiweka ili sura ipate mshindo, kwa ajili ya kile kisanduku kikubwa chenye herufi nene za "priiii". Haidhuru. Imo ndani ya hadithi, na sasa ni mali yako kuiuliza. Anapuliza ili watu waogope, au ili wakimbie? Wakikimbia, anahesabu ngapi kabla ya kuanza kutembea? Kuna anayejua hesabu hiyo? Kuna mama muuza samaki ambaye yeye peke yake hakimbii, na kwa nini?

Usiniambie majibu kwa maelezo, yachore. Na fanya hivi: katika sura yako ya kwanza shujaa wa rafiki yako asitokee kabisa. Mwache mgambo awe na siku nzima isiyomhusu shujaa, maana akitokea tu, mgambo atarudi kuwa ukuta wa kurukwa. Chagua tukio moja kutoka hadithi ya rafiki yako ambalo wasomaji wenu wote wanalijua, lile alilofanya baya kuliko yote, na uhakikishe tanzu yako inalifikia na kulionyesha lilivyo, beseni limemwagika, samaki wako kwenye matope, hakuna malaika aliyekuja. Wasomaji wakijua tangu ukurasa wa kwanza kwamba siku hiyo inakuja, utakuwa na kile alichokuwa nacho Teshirogi.

Kabla ya hapo kaa na rafiki yako, mwombe akuorodheshee kila kisanduku ambacho mgambo ametokea. Usiongeze sifa mpaka umezimaliza zilizopo. Ukikuta mahali amemchora akishika filimbi kwa mkono wa kushoto, muulize kwa nini. Atasema hakumbuki, ilitokea tu. Iandike.

Halafu nichoree kurasa nne za penseli, bila wino: usiku, mgambo amefika nyumbani, anaivua filimbi shingoni na kutafuta pa kuiweka. Nataka kuona anaiweka wapi, na nani mwingine yumo chumbani.